Kata Moja Kabla ya Magharibi

Zamoyoni alipimwa kwa mizani ya pamba, kwa kuwa mtaani hapakuwa na mizani nyingine ya kumbeba mtu mzima. Kila asubuhi Mwahija, mkewe, aliomba wanaume wawili wa jirani wamsaidie kumfikisha kwenye ghala la mnunuzi. Walimketisha ndani ya gunia la katani lililotobolewa matundu ya miguu, wakalitundika kwenye ndoano, na mtu aliyekuwa akipasua mwamba kwa sululu akaning'inia hewani kama robota.

"Pamba hii mbichi," mwenye ghala alisema asubuhi ya kwanza. "Mmeinyunyizia maji ili iwe nzito. Chama cha ushirika hakitaipokea."

Zamoyoni alicheka siku hiyo, akasema yeye ni daraja la kwanza na anayebisha amchambue. Juma lilipokaribia kwisha hakuna aliyetania tena. Mkono wa mizani ulikuwa unapanda. Mtu asiyekula kijiko cha ugali, ambaye mkewe alimpimia maji kwa kikombe cha kahawa, alikuwa anaongezeka uzito kila kulipokucha.

Duara lilikuwa limemwangukia huko Geita. Wachimbaji huyaita mashimo yao maduara, na duara lile lilibanwa kwa magogo mabichi kwa sababu kila mtu alikuwa na haraka. Udongo ulimfukia hadi kiunoni kutwa nzima na usiku kucha, wenzake wakimchimbua kwa mikono kwa kuogopa kumkata miguu. Walimtoa akiwa mzima, akiomba sigara. Kesho yake mapaja yalivimba yakawa kama vinu. Mkojo ukawa mweusi, ukapungua, ukakoma. Wenzake walimpakia juu ya lori la mpunga wakamleta Shinyanga, kwenye nyumba ya mama yake, Bi Chiku, iliyokuwa nyuma ya hospitali.

Daktari aliyempokea aliitwa Theonest, Mhaya mrefu aliyezoea kusema ukweli bila kuuzungusha.

"Nyama iliyopondeka imemwaga sumu kwenye damu, na sumu imezizima figo," alimwambia Mwahija. "Lakini figo za namna hii hazijafa. Zimelala. Baada ya wiki mbili, tatu, pengine zaidi, huamka zenyewe. Kazi yetu ni moja tu, kumfikisha siku hiyo akiwa anapumua."

Alimtoboa chini ya kitovu akapitisha mrija. Maji ya chupa yenye chumvi na sukari yaliingia tumboni, yakakaa humo kama muda wa kupika maharage, kisha yakatolewa yakiwa na uchafu ambao figo zilishindwa kuutoa. Sukari iliyomo, daktari alieleza, huvuta maji ya mwilini kama chumvi inavyovuta maji ya samaki. Kwa hiyo yatakayotoka lazima yazidi yaliyoingia. Yasipozidi, maji yatapanda mapafuni, na mtu atazama akiwa kitandani kwake.

Huo ulikuwa mwaka wa kipindupindu. Wodi zilijaa hadi barazani, watu wakilala juu ya vitanda vya kamba vilivyotobolewa katikati. Daktari Theonest aliutazama mrija, akawatazama wagonjwa wake, akakata shauri.

"Mwenye tundu la tumbo nikimlaza humu, nimemuua mimi. Nyumba yenu iko hatua chache. Utamwosha tumbo wewe mwenyewe."

"Mimi, Daktari?"

"Una mikono. Nawa hadi kwenye kiwiko, chemsha kila kitu, usiguse ncha ya mrija. Na maji ya kunywa ni vikombe viwili vya kahawa kwa siku. Mchuzi ni maji. Uji ni maji. Chungwa ni maji. Umenielewa?"

Alielewa. Alipewa kipande cha sabuni, mwaka ule ambao sabuni ilipangiwa foleni, naye akakifunga kwenye pindo la khanga asije mtu akafulia. Alipigilia msumari kwenye boriti akatundika chupa. Maji yaliposhuka yote, aliiteremsha chupa hadi sakafuni, na yale ya tumboni yakarudi taratibu, ya manjano, yenye povu. Aliyapima kwa chupa ileile. Yalizidi. Kila mara yalizidi, wakati mwingine kidogo, wakati mwingine sana, naye alitabasamu peke yake chumbani.

Na bado mizani ilipanda.

*

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Kiangazi kimekausha Shinyanga yote, upepo umebeba vumbi jeupe la mbuga, mji mzima una midomo mikavu. Lakini mji ulijua kwamba jua likizama utakunywa. Zamoyoni hakuwa na magharibi ya namna hiyo.

Mwanzoni alifanya mzaha. "Kama hamnipi maji, niacheni basi nitie nia ya kufunga. Nipate thawabu, isiwe nateswa bure."

"Mgonjwa hafungi," mama yake alimjibu.

"Kumbe hii ya kwangu inaitwaje?"

Kisha mzaha ukaisha. Alidai maji ya udhu kwa kila sala, na kila aliposukutua Mwahija aliona koo lake likicheza. Mwahija akaliondoa birika, akamletea bakuli la vumbi safi. Atayamamu. Sheria inamruhusu mgonjwa, na vumbi halimezeki. Zamoyoni alipiga viganja vyake juu ya vumbi, akajipaka uso na mikono. Siku hiyo ndipo alipoanza kumchukia mkewe.

Bi Chiku alikuwa ameanza mapema zaidi. Alikuwa mwanamke wa mjini, mwana wa Mmanyema aliyefuata misafara na mama wa Kisukuma, mkali, mwenye duka la vikorokoro lililomlisha mtoto wake wa pekee tangu baba yake afe. Katika dini yake hakuna sadaka iliyopita maji. Mwenye dhambi alimpa mbwa maji akasamehewa, na hapa mwanamke mwenye buibui anamnyima mumewe.

"Kwetu hata anayechinjwa huulizwa kwanza kama ana kiu," alisema akiwa mlangoni, sauti yake ikiwalenga majirani. "Kuku, nasema. Hata kuku huwekewa maji kabla ya kisu."

"Mama, daktari amesema."

"Daktari alimzaa?"

Mwahija alishika beseni lake akaenda bombani, hospitalini, ambako maji yalitoka mara moja kwa siku na foleni ilizunguka jengo. Huko alizoeana na Mbuke, mwanamke wa Tinde aliyeleta mtoto mwenye kipindupindu. Mbuke alikuwa akikoroga chumvi na sukari kwenye jagi, akimnywesha mtoto kijiko baada ya kijiko tangu alfajiri.

"Wako ana hali gani, mayo?" Mbuke aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Amevimba uso leo. Amelala ameketi, hawezi kujinyoosha."

"Dunia hii. Mimi wangu namfinya pua anywe. Wewe wako unamfunga mdomo. Na daktari ni yuleyule mmoja."

"Ningekuwa naweza, ningekupa kiu ya mume wangu."

"Nipe. Mimi nikupe huku kuharisha kwa mwanangu. Tukiwachanganya tutapata mtu mmoja mzima."

Wote wawili walicheka, wakanyamaza haraka, kwa sababu pale karibu mwili ulikuwa unatolewa ukiwa umefunikwa blanketi.

Daktari Theonest alikuja nyumbani mchana huo na kidole chake kikazama kwenye mguu wa Zamoyoni kama kwenye unga uliokandwa. Aliweka sikio lake la mpira mgongoni, akasikiliza, akainuka. Alimwita Mwahija uani.

"Unampa maji."

"Simpi."

"Mama, mimi sikulaumu. Kumwona mtu akilia kiu ni kazi ngumu. Lakini niambie."

"Daktari, nimekuambia simpi."

"Yanayotoka yanazidi yanayoingia. Umenionyesha mwenyewe. Mtu huyu alipaswa kukonda. Hesabu haidanganyi. Kuna maji yanaingia mwilini mwake na hayapiti kwenye mrija." Alivaa kofia yake. "Chupa nilizo nazo ni hizi ulizobeba leo. Nyingine ziko Mwanza, na gari sijui litakuja lini. Ukizimalizia mtu anayekunywa kwa siri, umezimwaga chini."

Mama mkwe alimwita muuaji kwa sababu alimnyima. Daktari alimwita mwongo kwa sababu eti alimpa. Mwahija alirudi ndani, akafunga mlango, akapiga magoti mbele ya kitanda.

"Zamoyoni, niambie kweli. Umekunywa maji?"

Macho yake yalikuwa yamebaki nyufa tu kwenye uso uliofura. Alivuta pumzi mara mbili kabla ya kupata neno.

"Wallahi," alisema, "maji sijanywa."

Naye aliamini alichosema.

*

Siku iliyofuata, baada ya adhuhuri, Zamoyoni alimwita Mwahija na mama yake pamoja. Alikuwa ameketi wima ameegemea magunia matatu. Kila neno lilimgharimu pumzi, kwa hiyo alichagua machache.

"Mwahija. Sikiliza vizuri, Mama ni shahidi. Leo jua likizama sijanywa kata nzima ya maji kutoka mkononi mwako, nimekuacha. Talaka moja."

Bi Chiku alijishika mdomo. Alitaka mkwe wake aadhibiwe, hakutaka hili.

"Mwanangu, sema astaghafirullahi."

"Nimeshasema nilichosema."

Mwahija alisimama. Kata ilikuwa imening'inia juu ya mtungi kwenye pembe, kifuu cha nazi chenye mpini mrefu, kata ambayo Bi Chiku alirithi. Ikijaa ilikuwa maji ya Zamoyoni ya siku mbili. Mwahija aliitazama, akavuta buibui lake, akatoka.

Alikwenda kwa Maalim Fikirini, aliyefundisha watoto chuoni na kuwaandikia watu wazima dawa. Babu yake alitoka Bagamoyo na misafara, na mpaka leo Maalim alilisema neno "pwani" kama mtu anayetaja cheo. Alimkuta barazani akiwa na sahani nyeupe mapajani, akiandika aya kwa wino wa zafarani. Harufu yake ilijaza baraza.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba binti. Ingia kivulini. Nilikuwa najiuliza nani atakuja leo, mama mkwe au wewe."

Mwahija alimsimulia maneno ya mumewe, neno kwa neno. Maalim aliiweka sahani kando.

"Alisema akiwa na akili zake?"

"Ndiyo."

"Fikiri kabla hujajibu. Homa humpeleka mtu mbali. Ukiniambia alikuwa anaweweseka, nitasema talaka haipiti, na nitakuwa nimesema haki."

Hapo mlango ulikuwa wazi mbele yake. Neno moja tu, na angerudi nyumbani akiwa mke, na mumewe akiwa hai.

"Alikuwa na akili zake zote," alisema. "Aliita shahidi, akataja kata, akataja jua. Sitamgeuza mume wangu kuwa mwendawazimu ili nibaki kuwa mke wake."

Maalim alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Basi mpe maji, au uachike. Sina njia ya tatu."

"Nikimpa atakufa."

"Mauti yana mwenyewe."

"Na mwili, Maalim? Mwili nao si amana? Mwenye amana akiuacha wazi usiku ukaibwa, atasema wizi una mwenyewe?"

Mzee hakupenda kuulizwa hivyo na mwanamke, tena akiwa amefunga na jua likiwa kali. Alichukua kalamu yake ya mwanzi. "Binti, mimi ninafanya sehemu yangu. Kombe la mumeo halijakosekana hata siku moja. Hili ninaloandika ni lake la jioni. Bi Chiku atalipitia baada ya alasiri, kama kawaida."

"Kombe lipi?"

"La shifaa. Asubuhi na jioni. Ninaandika sahani saba, anazikosha zote kwenye bakuli, anakwenda kumnywesha. Hukujua? Wewe asubuhi unakuwa bombani, jioni uko jikoni ukipika futari."

"Bakuli kubwa kiasi gani?"

Maalim alionyesha kwa mikono yake miwili. Lilikuwa bakuli la pilau.

Mwahija alikaa chini, hapohapo kwenye ngazi. Kwa hiyo hayo ndiyo yaliyopanda kwenye mizani. Hakuna aliyedanganya. Bi Chiku angeulizwa kama anampa mtoto wake maji angesema hampi, na alikuwa hampi maji, alikuwa anampa maneno ya Mungu. Zamoyoni alipoapa alikuwa anaapa kweli. Mtu akimeza kombe hasemi amekunywa maji, kama vile anayesali hasemi amefanya mazoezi ya mgongo. Ni nani angekwenda kumwambia daktari Mkatoliki habari za kombe, na kwa nini?

"Maalim, yale ni maji," alisema.

"Yale ni aya."

"Yameoshwa kwa maji."

"Maji yamebeba. Punda akibeba mwanachuoni, utasema amepita punda?" Alijibu haraka, kwa raha, kama mtu aliyekwisha kushinda mabishano mengi kwenye baraza hilo.

Mwahija alinyanyua uso. Alikuwa amechoka, ana njaa, na mume wake alikuwa akizama nyuma ya hospitali. Aliuliza polepole.

"Mimi leo nimefunga. Nikilichukua kombe hili sasa hivi nikalinywa, saumu yangu inabaki?"

"Inabatilika."

"Kwa nini?"

Kalamu ya Maalim ilidondosha tone la zafarani kwenye kanzu yake nyeupe, naye hakuliona.

"Kama ni aya tu," Mwahija aliendelea, "basi nimesoma. Nani alibatilisha saumu kwa kusoma?"

Nje watoto wa chuo walikuwa wakiimba herufi kwa sauti kubwa. Maalim alisimama, akavaa makubadhi yake, akaichukua sahani ikiwa bado mbichi.

"Twende," alisema.

*

Bi Chiku alikuwa ameketi kando ya kitanda akimpepea mwanawe kwa kipepeo cha ukili. Aliposikia Maalim anapiga hodi aliona aibu kwamba kombe limeletwa na mwenyewe hadi mlangoni. Maalim hakuketi.

"Chiku, kuanzia leo hanywi. Utampaka kifuani na miguuni. Dawa itafika."

"Hanywi kombe? Wewe ndiye uliyeliandika."

"Niliandika mimi. Sikuuliza anakunywa kiasi gani, na kosa la kutouliza ni langu, nitajibu mbele ya Mola wangu. Linafuturisha, Chiku. Linaingia mwilini kama maji mengine."

"Huyu ndiye aliyekufundisha hayo?" Bi Chiku alimnyooshea Mwahija kipepeo. "Mwanafunzi wa Mhaya?"

"Huyu aliniuliza swali. Jibu nilikuwa nalo mimi."

Bi Chiku alitaka kuendelea. Alikuwa na maneno tele, maneno hayakuwahi kumpungukia. Lakini macho yake yaliangukia bakuli lililokuwa chini ya kitanda, kisha chupa tupu iliyosimama karibu na beseni. Alikwenda kwenye mtungi. Alijaza bakuli kama alivyozoea kulijaza, akaichukua chupa, akaanza kumimina ndani yake taratibu. Chupa ilijaa hadi shingoni. Bakuli lilikuwa bado na maji.

Alimimina tena yote mtungini, akarudia, kana kwamba mara ya pili chupa itamwonea huruma. Ilijaa palepale.

"Asubuhi na jioni," alisema, si kwa mtu yeyote. Akakaa sakafuni, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto.

Zamoyoni alikuwa ameyasikia yote. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa sauti ya maji yanayochemka. Dirishani mwanga ulikuwa umeanza kuwa mwekundu, na uani majirani walikuwa wanapanga tende kwenye ungo na kumimina uji kwenye mabakuli.

"Mwahija," alisema. "Jua."

"Naliona."

"Mpe, mwanangu," Bi Chiku alisema kutoka sakafuni, na sauti yake haikuwa ile ya mlangoni. "Mpe nusu. Ndoa isivunjike."

"Amesema nzima, Mama."

"Zamoyoni, mwambie unarudisha neno lako."

"Neno la namna hiyo likitoka halirudi," Maalim alisema kwa upole. "Linasubiri jua tu."

Mwahija aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono mitupu mapajani. Akiwa bado mke wake, aliushika mguu wa mumewe. Vidole vyake viliacha mashimo.

"Ulinioa kwa baba yangu," alimwambia, "ukamwambia hutaniacha nikose. Hukuvunja neno. Sikukosa kitu. Na mimi sikuahidi kitu siku ile, maana wanawake hatuulizwi. Ahadi yangu naitoa leo. Hunywi."

"Nakufa kwa kiu."

"Unakufa kwa maji."

Alimtazama kwa chuki ya mtu mwenye afya, na Mwahija hakuinamisha macho. Msikitini adhana ilianza. Mji wote ulinyanyua vikombe. Katika chumba kile watu watatu walikuwa wamefunga tangu alfajiri na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono mtungini. Adhana ilipokwisha Mwahija aliuachia mguu wa Zamoyoni, akafunika uso wake, akatoka akasimama upande wa pili wa pazia la mlangoni.

"Ni talaka moja," Maalim alisema, akiwa ameangalia ukuta. "Ya rejea. Binti yuko edani, atakaa humuhumu nyumbani. Zamoyoni akitaka kumrejea, atamke. Kabla ya hapo binti asimguse. Dharura ingeruhusu kama pasingekuwa na mtu mwingine." Aligeuka kwa Bi Chiku. "Yupo mtu mwingine."

Bi Chiku aliitazama mikono yake.

"Nawa hadi kwenye kiwiko, Mama," sauti ilisema nyuma ya pazia. "Sabuni hii hapa." Na kipande cha sabuni kikasukumwa sakafuni.

*

Ndivyo walivyomwosha. Mwahija alisimama mlangoni, pazia puani pake, na kutoka huko aliongoza kila kitu. Pasha chupa kwenye maji ya moto, usiiweke jikoni. Usiguse ncha. Fungua. Subiri. Sasa teremsha. Mara ya kwanza Bi Chiku aligongesha chupa ukutani. Mara ya pili alilia. Baadaye akawa anafanya kazi akiwa amekaza midomo, na alipopima yaliyotoka alitaja kiasi kwa sauti kubwa, kama anayemtolea mtu ushahidi.

Zamoyoni alimgeukia yeye sasa. Alimwita mama kwa majina yote ya utotoni. Alimwomba tone, alimwomba kitambaa kilicholowa, alimwapiza. Bi Chiku, ambaye hakuwahi kumnyima mtoto huyu kitu tangu azaliwe, alichovya vidole kwenye kombe akampaka kifuani, akampaka miguuni, na midomo akaipitia na ukingo wa kidole kimoja. Kisha alifuta kidole hicho kwenye khanga kabla mwanawe hajakinyonya.

"Umekuwa kama yeye," Zamoyoni alisema.

"Laiti ningekuwa kama yeye tangu mwanzo."

Mizani ilisimama. Kesho yake ikashuka, keshokutwa ikashuka tena, na mwenye ghala akasema pamba sasa imeanza kukauka. Uso wa Zamoyoni ulirudi kidogo kidogo, kwanza pua, kisha macho. Siku moja alasiri aliondoa gunia moja nyuma ya mgongo wake, akaondoa la pili, akalala chali akavuta pumzi ndefu. Lakini mkojo haukuja. Daktari Theonest alisikiliza kifua akatikisa kichwa kwa kuridhika, akabonyeza chini ya kitovu, akatikisa kichwa kwa namna nyingine.

"Nilikutuhumu," alimwambia Mwahija kupitia pazia. Alikuwa ameelezwa habari za kombe na hakucheka.

"Chupa zimebaki mbili."

"Najua. Gari halijaja."

"Zikiisha?"

Daktari alivaa kofia yake akarudi wodini; kumdanganya hakutaka.

Asubuhi Bi Chiku alipotundika chupa ya kabla ya mwisho, Zamoyoni aliongea na pazia.

"Mwahija. Upo?"

"Nipo. Nitakwenda wapi, niko edani."

"Nimekurejea. Mama, shuhudia."

"Umenirejea mimi, au unatafuta mtu mwingine wa kumwomba maji?"

"Mama hanipi, nimeshajaribu. Wewe huna tofauti."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikifa nataka nife nina mke. Na nikipona nataka mke asiyeniogopa." Alipumzika kidogo. "Niliogopwa sana machimboni. Wale walioniogopa ndio waliokubali tuweke magogo mabichi."

"Rejea haiombwi ruhusa," Bi Chiku alisema kwa ukali, machozi yakimshuka. "Ameshatamka. Ingia ndani, we mwanamke, mikono yangu imechoka."

Mwahija alinawa hadi kwenye kiwiko, akaingia. Alikuwa amekonda kuliko mgonjwa. Hakumtazama Zamoyoni usoni, aliogopa kulia, akakimbilia kazi. Alifunua shuka ili autazame mrija, na mkono wake ukagusa unyevu.

Mrija unavuja, alifikiri, tumbo litaoza, na chupa ni mbili. Aliugusa mrija pembeni pote. Ulikuwa mkavu. Unyevu ulikuwa chini, mapajani, doa dogo lisilozidi kiganja. Aliinama akanusa. Maji ya chupa hayana harufu. Haya yalikuwa na harufu kali, ya kawaida, ya kila choo na kila kitanda cha mtoto.

"Mama," alisema. "Njoo unuse."

Zamoyoni alijaribu kuivuta shuka, uso umemwiva. "Nimejichafua. Nilikuwa nimelala. Ondoeni hiyo kabla jirani hawajaingia kunibeba."

Hakuna aliyemsikiliza. Bi Chiku alinusa, akanusa tena, akaivuta shuka yote kutoka chini ya mwanawe. Aliishika kwa pembe mbili akatoka nayo uani, akiwa ameiinua juu kama bibi harusi amekutwa bikira na kisarawanda kinapelekwa kwao, akipiga vigelegele mchana wa Ramadhani, na wanawake wakatoka kwenye milango yao wakidhani amerukwa na akili.

Chumbani Mwahija aliketi sakafuni karibu na ile chupa, akasubiri maji yaishe kuingia. Chupa zilikuwa bado mbili. Doa lilikuwa la kiganja kimoja. Zamoyoni alikuwa amegeukia ukutani kwa aibu, mabega yakimtetemeka, na Mwahija alishindwa kujua kama analia au anacheka.